Piga chuku, lakini ifuate upepo

Wanaoanza kuandika hadithi za kuchekesha hunipa kazi zao nizisome, na nyingi zina ugonjwa uleule: kila kitu kimetiwa chumvi. Mjomba ni bahili kuliko binadamu wote, nyumba yake ndogo kuliko kiberiti, mbwa wake anamaliza ng'ombe mzima. Msomaji hana pa kushika, kwa hiyo hacheki.

Mimi huchagua kitu kimoja cha kukuza, vingine naviacha vilivyo. Chukua upepo wetu wa Dodoma, ule wa Agosti unaoingiza vumbi hadi kwenye sufuria iliyofunikwa. Ukiandika "upepo ulikuwa mkali ajabu," umetangaza hali ya hewa tu. Jaribu hivi: mama wa Kizota kaanika kanga asubuhi. Saa nane mchana anapigiwa simu kutoka Bahi. "Shikamoo mama, kanga yako imefika. Namba nimeikuta pindoni, kwenye karatasi uliyoifunga na elfu mbili. Hiyo elfu mbili nimekata ya usumbufu. Samahani, unatumia sabuni gani?"

Uongo hapo ni umbali peke yake. Kufunga hela pindoni ni kweli, kukata ya usumbufu ni kweli kabisa, na hata mwelekeo ni kweli, maana upepo wetu huvuma kutoka mashariki, na Bahi iko magharibi ya mji. Iangushe kanga hiyo Chamwino, upande wa mashariki, uone: msomaji wa hapa atakukatalia palepale, ilhali Bahi kaipokea bila ubishi.

Na wahusika wako wasishangae. Yule wa Bahi anaongea kama karani wa mizigo. Akianza tu kusema "makubwa haya!", kichekesho kimekufa.

Njaa siikuzi. Ugogo unakumbuka Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920: majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, kisha mvua ikakosekana. Ukimleta mhusika "asiyekula mwezi mzima," wazee watadhani unasimulia historia.

Ukimaliza, isome kwa sauti kijiweni, penye kahawa. Vicheko usivihesabu, watu wengine hucheka kwa adabu. Msikilize anayeongezea ya kwake. Hiyo ya kanga, mzee mmoja alinikatiza kabla sijafika kwenye sabuni: "Ilipita kwetu Kigwe, tuliiona. Ilikuwa imeshaanza kuchoka."

Nimeiingiza kwenye hadithi vilevile alivyoitamka.