AC ya gari na mafuta yako

Swali: Naendesha teksi Mbagala. Tajiri wangu anasema nikizima AC na kushusha vioo naokoa mafuta siku nzima. Ni kweli?

Kwenye foleni ni kweli. Kompresa ya AC, yaani pampu inayosukuma gesi ya ubaridi, huzungushwa na mkanda unaotoka kwenye injini, kwa hiyo ubaridi wote unalipiwa na petroli. Ukiwa umesimama kwenye taa, bonyeza AC usikilize: utasikia “tak”, kisha mlio wa injini unabadilika. Hapo klachi ya kompresa imeshika. Lakini ukishapita Kibaha na gari limechanganya, hesabu inageuka. Mwendo ukiongezeka mara mbili, upepo unalikaba gari mara nne, na vioo vilivyo wazi vinaongeza mzigo huo. Kuanzia kilomita 80 au 90 kwa saa, mimi hupandisha vioo na kuwasha AC bila kinyongo.

Swali: Gari likishinda juani Kariakoo, nikiingia ni tanuri. Niwashe AC mpaka mwisho papo hapo?

Subiri kidogo. Shusha vioo vyote, endesha dakika moja au mbili joto litoke. Kisha pandisha, washa AC, na ubonyeze kile kitufe chenye picha ya gari na mshale uliojikunja ndani. AC itapoza hewa iliyokwisha kupoa badala ya kuvuta joto la nje, na kompresa itapumzika mapema. Ila kwenye safari ndefu, tafadhali, ruhusu hewa ya nje mara kwa mara. Pumzi za abiria wanne hujaza kaboni dayoksaidi humo ndani na dereva anaanza kusinzia. Afadhali mafuta yaongezeke kidogo.

Swali: Nikiweka feni namba moja badala ya nne, naokoa?

Kidogo mno. Mlaji mkubwa ni kompresa.

Swali: Niko Tanga. Kila baada ya miezi mitatu fundi ananijazia gesi. Ni kawaida?

Hapana. Gesi haiunguzwi kama petroli, inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua haraka hivyo, kuna mahali inavuja. Patafutwe na pazibwe kwanza. Gesi ya R134a, inayotumika kwenye AC za magari mengi, ikivujia hewani inapasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito uleule. Mwambie pia aangalie kondensa, ile iliyo mbele ya rejeta, inayotoa nje joto la gesi. Ikiziba kwa vumbi na wadudu, kompresa inahangaika bure. Aioshe kwa maji ya taratibu, maana yale mapezi ya alumini hujikunja hata kwa kidole.