OGM, unga yetu na neno ya serikali

Mama wa Katuba, hapa Lubumbashi: "Yaya, unga ya Afrika Kusini njo OGM? Tuikule ao tuache?"

Mama, kule wanalima mahindi ya OGM, ni kusema yenye wanasayansi wamebadilisha jeni zake, tangu mwisho wa miaka ya 1990, na leo mahindi yao mingi iko ya aina ile, kwa hiyo mufuko ikitoka kule ujue inaweza kuwa OGM. Kuikula haitakuua, wenyeji wanaikula kila siku, na wanasayansi wengi wanasema zenye zimepimwa na kupitishwa haziko hatari kuliko mahindi ya kawaida. Kyenye kinaniuma ni kingine. Juzi ku soko ya Mzee niliona muuzaji anamwanga mufuko ya kilo 25 ndani ya beseni, anapima na meka, kile kipimo ya sokoni, mufuko tupu anaikunja chini ya meza ataiuza. Maandishi yote imeenda na mufuko. Sasa mwenye kununua unga ya bukari (ugali) ya watoto atajua aje?

"Ni kweli OGM inazuia wanaume kuzala?"

Hapana. Nimejibu hii mara ngapi? Musitume tena.

"Mbegu ya duka, mwaka ya pili haikuzaa vizuri. Njo OGM?"

Hapana, ile karibu kila mara ni hibridi, mbegu yenye kuzaliwa na aina mbili za mahindi, kitu kingine kabisa, inaomba mbegu mupya kila musimu. Uliza mbele ya kulipa.

Kijana wa Kampemba: "Serikali ikisema chakula ni safi, tuamini?"

Ndugu, kuamini kunakuja kisha kuona. Jirani zetu Zambia, mwaka 2002 njaa ikiwa kali, rais Levy Mwanawasa alikataa mahindi ya OGM ya musaada. Kenya walikataza OGM 2012, wakafungua 2022, na kesi ikafika kotini. Mwananchi anaambiwa leo mbaya kesho muzuri, na hapa kwetu anaona lori inapita mupaka bila kufunguliwa juu mutu amepewa franka, halafu unamuomba aamini karatasi yenye muhuri? Ulaya, chakula ikipita asilimia 0.9 ya OGM lazima iandikwe. Tuombe ile hapa pia, kwa Kiswahili, na majibu ya laboratware ibandikwe sokoni kwenye kila mutu anaweza kusoma. Mimi sitaki serikali initulize, nataka inionyeshe.

"Unga yangu iko na harufu ya ukungu, nikiianika ku jua na kuichekecha itakuwa muzuri?"

Apana, Mama! Munaogopa OGM, na hii munapika. Ukungu inaleta sumu ya aflatoksini, jua haiitoshe, moto ya jikoni pia haiitoshe. Kenya mwaka 2004 mahindi yenye ukungu iliua watu zaidi ya 100. Mwanga yote, hata kama ni mufuko nzima, na kuku pia usiwapatie.