Shampeni ya vinteji: usisome mwaka ulioandikwa mbele ya chupa ukaishia hapo

Nianze na chupa niliyoiharibu mwenyewe, maana najua wengi mnaenda njia hiyohiyo. Nilikuwa nahudumia meza kwenye mgahawa mmoja Paris, nikajinyima miezi kadhaa nikanunua shampeni ya 2002, mwaka unaosifiwa sana kule Champagne, mkoa wa Ufaransa inakotengenezwa, nikasema hii ntaifungua mdogo wangu akimaliza chuo. Nikaiweka juu ya kabati la jikoni, karibu na dirisha, ikakaa hapo miaka miwili na ushee. Siku ya kuifungua kizibo hakikutoa hata mlio, mapovu machache yakapotea, na harufu ilikuwa ya kabichi iliyochemshwa. Mdogo wangu aliinywa kwa heshima tu. Iliniuma kweli.

Nilikuwa naamini shampeni ikikaa tu inakuwa nzuri. Sivyo. Inategemea inakaa wapi, na inakaa na nini ndani.

Iko hivi. Vinteji maana yake zabibu zote ni za mavuno ya mwaka ulioandikwa kwenye lebo. Waini inawekwa kwenye chupa pamoja na sukari kidogo na hamira, inaumuka humohumo, na hapo ndo mapovu yanapozaliwa. Mara nyingi chupa inafungwa kwa kizibo cha bati kama cha soda, inalazwa chini kwenye mahandaki ya miji ya Reims na Épernay, hukohuko Champagne, yaliyochimbwa kwenye mwamba wa chaki, baridi ya nyuzi 10 hadi 12, giza, mwaka mzima. Hamira ikimaliza kazi inakufa, inatulia kama mashapo, na taratibu inavunjikavunjika na kuiachia waini vitu vyake, ndo unapata ile harufu ya mkate uliotoka kwenye oveni, na mapovu yanakuwa laini mdomoni. Sheria inataka vinteji ikae angalau miaka 3 tangu iingie kwenye chupa lakini nyumba kubwa, yaani kampuni zinazotengeneza shampeni, zinapitiliza sana, Dom Pérignon wanayo ile wanayoiita P2 ambayo inakaa kama miaka 15 kabla haijatoka.

Sasa kitu ambacho wauzaji wengi hawakwambii: mashapo yale yanalinda. Yanakula hewa inayoingia, kwa hiyo waini inazeeka huku bado ina ujana. Siku wanapoyatoa, wakagandisha shingo ya chupa, wakaongeza sukari kidogo na kupiga kizibo cha kawaida, inaanza hesabu mpya ya kuzeeka. Hewa inapenya kidogo kidogo, na ile sukari inakutana na vile vitu vya hamira na kufanya kilekile kinachofanya ganda la mkate liwe la kahawia, ila polepole mno, kwa miaka. Hapo zinakuja asali, karanga za kukaanga, kahawa, hata uyoga.

Nilikuja kuelewa vizuri siku bosi wangu alipofungua chupa mbili za 2008, nyumba moja, waini ileile, moja ilitolewa mashapo 2017 na nyingine 2022. Ya 2022 ilikuwa kali, ndimu na chaki na mkate mbichi. Ya 2017 ilikuwa rangi ya dhahabu, mapovu yametulia, asali na lozi, yani ungeapa ni waini mbili tofauti. Mi niliipenda ya 2017, mwenzangu wa jikoni akaichukua ya 2022 na hatukukubaliana mpaka leo.

Kwa hiyo ukinunua geuza chupa utafute neno dégorgement au dégorgé, yaani kutolewa mashapo, na tarehe yake. Krug wanaweka namba nyuma, unaiingiza kwenye tovuti yao unapata historia ya chupa. Bollinger wana R.D., yaani imetolewa mashapo karibuni, waliianza 1967 kwa mavuno ya 1952, na nyumbani kwangu chupa za aina hiyo siziweki sana, zimeshazeeka kwenye mashapo, nazinywa ndani ya miaka michache. Ukitaka ladha za asali na kahawa nunua vinteji ya kawaida uiweke mwenyewe miaka 5 au zaidi, bora ziwe mbili ili ya kwanza ikwambie ya pili isubiri au la.

Kama huna mahali pa baridi na giza, tafadhali usitunze, kunywa. Mwanga unaiharibu haraka kuliko unavyodhani, hasa chupa nyeupe isiyo na rangi, ibaki kwenye boksi lake. Na juu ya friji pia hapana, pana joto na mtikisiko.

Siku ya kuinywa usiigandishe, nyuzi 10 au 12 zinatosha. Achana na zile glasi nyembamba ndefu, tumia glasi ya waini ya kawaida, mimina kidogo, iache dakika kumi hivi. Ile harufu ya mkate huwa inachelewa kutoka.