Nikariri maana ngapi za "turn"?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi hausikipingi katika hoteli moja huku Nungwi. Juzi mgeni aliniuliza, "What time is turndown?" Nikadhani kuna kitu anakataa, nikamwomba radhi. Wiki hiyohiyo nikaandika kwenye kitabu cha matukio kwamba mgeni mwingine "turned me on", nikimaanisha alinigeuka baada ya sisi kukubaliana kuhusu nguo za dobi. Msimamizi akaniita pembeni. Mwezi ujao nina usaili wa kupandishwa cheo, na nimeuziwa PDF yenye maana zaidi ya 50 za "turn". Nizikariri zote, au ipo maana moja ya asili inayozibeba nyingine?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hiyo PDF iweke kando. Tumalize kwanza hayo mawili yaliyokukuta.

"Turndown" ni huduma ya jioni. Mgeni akiwa kwenye chakula cha usiku, unaingia chumbani, unakunja pembe ya duveti ili kitanda kiwe tayari kulaliwa, unafunga mapazia na kuacha taa ndogo ikiwaka. Alitaka kujua saa tu.

La pili ni zito. "He turned me on" maana yake alinitia ashiki, ndiyo sababu uliitwa pembeni. "He turned on me" ni alinigeuka. Maneno ni yaleyale manne, kilichohama ni "me". Na hata hiyo ya pili isingekufaa, kwa sababu Mwingereza huisema pale mtu anapokugeukia ghafla kwa ukali, kwa maneno au kwa mikono. Mgeni aliyeacha makubaliano ya nguo za dobi anaandikwa "He changed his mind about the laundry". Hapo "turn" haihitajiki kabisa.

Sasa nije kwenye hizo orodha, maana napokea swali kama lako kila mara na zinanikera. Orodha inaandika: turn, geuka, turn, zima, turn, kataa, turn, timiza. Huo ni uongo. "Turn" peke yake haizimi kitu, inayozima ni "turn off". Haitimizi kitu mpaka ifuatwe na umri: "She turned 18". Maana inakaa kwenye kundi zima la maneno pamoja na kile kinachotajwa baada yake. Ukikata neno moja ukalikariri peke yake, umebaki na ganda.

Hilo si geni kwako, unalifanya kila siku kwa Kiswahili. Kumgeuka mtu ni kumsaliti, kumgeukia ni kuelekea kwake, pengine kumwomba msaada. Silabi moja mwishoni mwa kitenzi imebadilisha kila kitu, na hakuna aliyekuuzia orodha ili uijue. Kazi hiyo ya mkia wa kitenzi, Kiingereza kinayapa maneno madogo yanayofuata: on, off, to, into, down. Ndiyo unayopaswa kuyatazama.

Tofauti ya geuka na geuza nayo inawaangusha wengi. Sisi tuna maumbo mawili, wao "turn" ileile inafanya kazi zote mbili. Mgeni aliyekwama mlangoni atakuambia "The key won't turn", ufunguo hauzunguki. Wanafunzi wengi huandika "The key is not turned", ambayo ni habari nyingine: hakuna aliyeuzungusha. Na kama ni hali imebadilika, sifa inafuata moja kwa moja, "The leaves turned yellow", lakini jina kwa kawaida linadai "into": "The drizzle turned into a storm". Maziwa ya kifungua kinywa wanaweza kuyasemea kwa ufupi, "The milk has turned", nawe ujue yamechacha.

Umeuliza maana ya asili. Ipo, lakini haitakusaidia kwenye usaili. Neno hili lilitoka kwenye Kilatini, "tornare", kukereza kitu kwenye mashine inayozunguka, nacho Kilatini kililitoa jina la mashine hiyo kwenye Kigiriki, "tornos". Fundi mkereza vyuma mpaka leo anaitwa "turner". Ni historia nzuri, mimi naipenda, ila haikufikishi kwenye kitanda wala kwenye maziwa.

Wanaouza "Kiingereza ndani ya siku 30" wanajua kwamba orodha ndefu inamvutia mtu mwenye haraka. Hawakuambii lipi ni la heshima na lipi la chumbani, kwa sababu wamenakili bila kuangalia sentensi. Wapo pia wanaotafsiri kwa orodha hizohizo, na hapo madhara yanavuka aibu. Maelekezo ya kumhudumia mgonjwa aliyelala kitandani, "Turn the patient every two hours", yanataka mgonjwa ageuzwe ubavu kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgandamizo. Orodha itampa mtafsiri "zungusha", "zima", "geuka", achague mwenyewe. Ukiona somo linalouzwa halina sentensi kamili, usitoe pesa yako.

Kamusi za wanaojifunza Kiingereza za Oxford, Cambridge na Longman zipo mtandaoni bila malipo, na karibu kila maana ina mfano. Chukua daftari, andika sentensi nzima unazozisikia kazini. Anza na "turn down": kitanda, sauti ya televisheni, ombi la chumba mnalolikataa.

Na kiyoyozi. Mgeni akisema "Could you turn down the AC?" usikimbilie rimoti. Mmoja anataka baridi ipungue, mwingine anataka namba ishuke, yaani baridi izidi, na wote wawili wamesema Kiingereza sahihi. Muulize "Warmer or cooler?" kabla hujagusa kitufe.