Vita vilijengaje serikali?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba dola nyingi za kale zilipata nguvu kwa sababu ya vita. Vita hubomoa, vingewezaje kujenga kodi, ofisi na sheria?

JIBU: Jeshi hula kabla halijapigana, na anayelilisha lazima ajue nani ana shamba, nani ana vijana. Tazama dola ya Qin, China. Kuanzia 356 KK, waziri Shang Yang aliandikisha kaya na kuzifunga katika vikundi vya tano na kumi, kila kikundi kikiwajibika kwa makosa ya wenzake. Kaya yenye wanaume wazima wawili au zaidi walioendelea kuishi pamoja ililipa kodi maradufu, hivyo familia zikagawanyika na kaya za kutoza na kuandikisha askari zikaongezeka. Askari aliyeleta kichwa cha adui alipanda daraja na kupewa ardhi. Mtu wa ukoo wa kifalme asiye na sifa ya vitani aliondolewa kwenye orodha ya ukoo. Mwaka 350 KK wilaya zikakabidhiwa mahakimu walioteuliwa na mfalme. Hapo ndipo mabwana wa kurithi walipopoteza mizizi, jambo zito kuliko ushindi wowote.

Matokeo hutegemea nani anahitajika vitani. Athens, mji-dola wa Ugiriki ya kale, ilitegemea manowari zenye wapiga makasia 170 kila moja, wengi wao raia maskini, na sauti yao barazani ikakua.

Mfumo huharibika askari wanapomtegemea jemadari kwa ardhi na ngawira. Mwaka 88 KK, jemadari Sulla aliongoza majeshi ya Roma kuuteka mji wao wenyewe.