Mwanangu, kuhusu lile hema

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikavaa miwani. Unasema Desemba mnataka kuteremka pwani na watoto, mkubwa sasa miaka sita na yule mtundu mitatu, mumeo anataka hoteli wewe unataka hema, na unaniuliza mimi kipi bora, eti kwa sababu sisi tuliwapeleka na hema mkiwa wadogo vilevile na hamkufa.

Hamkufa, kweli. Lakini wewe ulikuwa na miaka mitano, unakumbuka tumbili aliyetoroka na mkate na unakumbuka yule babu wa pweza "aliyesahau kutuambia". Kila Krismasi unaisimulia hivyo na wote mnacheka, mimi nanyamaza na kunywa chai. Leo nimechoka kunyamaza, kwa hiyo hoteli ingoje kidogo.

Mwaka ule ni 1996. Mombasa nilikuwa naijua kwa makaratasi tu. Miaka kumi na moja naklia mizigo hapa Malaba, najua meli zilizoingia Kilindini, najua uzito wa kontena, najua dereva gani analala Voi na kwa nani, lakini bahari yenyewe sijaiona hata siku moja. Hema nilipata kwenye mnada wa mizigo iliyokosa mwenyewe, la kijani, la watu wanne, sisi tuko watano. Mama yenu alilitazama likiwa bado limefungwa akasema tu, "Haya."

Ujue pia mama yenu alikuwa na hofu ya maji mwaka ule, na si hofu ya bure. MV Bukoba ilikuwa imezama mwezi wa tano pale ziwani, mamia ya watu. Kabla ya hapo, 1994, feri ya Mtongwe, watu 272, na Mtongwe na Likoni ni jirani. Kwa hiyo tulipofika Likoni na abiria wakaambiwa washuke kwenye magari, alifumba macho kutoka upande huu mpaka upande ule, amembana mdogo wenu hadi mtoto akalia. Mimi nikamwambia, mama, hapa ni dakika chache tu. Hakunijibu. Si vizuri kumwambia mtu anayeogopa kwamba hakuna kitu, lakini ningemwambia nini?

Radieta ilikuwa imetuangusha Mtito Andei, ndiyo maana tulifika Tiwi Krismasi yenyewe, jua limeshazama, pale mto Mwachema unapoingia baharini, ng'ambo ya ule msikiti wa kale wa Kongo wenye mibuyu. Nyinyi mmelala kwenye pikapu, mama yenu amechoka, mimi nataka nionekane najua. Nikaona mchanga mtambarare kama uwanja wa mpira, mgumu, umeshindiliwa vizuri, kigingi kinaingia sawasawa. Nikasema Mungu ametuandalia. Mama yenu akaweka kiganja chini akauliza, "Baba watoto, mbona mchanga huu baridi hivi?" Nikamwambia ni jioni.

Ni hapo alipopita yule mzee, kikoi kiunoni, pweza wawili kwenye mti begani. Akatusalimia, akatazama hema, akatazama kule juu karibu na mivinje, akasema, "Bwana, mwani umelala juu yenu. Na leo bamvua."

Mwanangu, mimi nilidhani ni methali. Watu wa pwani wanaongea hivyo, unamuuliza mtu njia anakujibu kwa fumbo. Kiswahili changu cha mpakani kina kontena, kina manifesti, kina kitu kidogo, hakina bamvua. Ningeuliza, sivyo? Neno moja tu, bamvua ni nini mzee. Nilichomwambia ni hiki, na nakumbuka mpaka sauti yangu ilivyokuwa: "Mzee, mimi nimezaliwa kando ya maji. Majanji. Maji nayajua." Akasema, "Haya bwana, usiku mwema," akaenda.

Majanji ya Ziwa Victoria! Ziwa letu unaweza kuweka kiti ufukweni leo ukakikuta kesho miguu mikavu, labda upepo tu uyasukume maji. Bahari inatoka na kurudi mara mbili kwa siku, kama saa sita kujaa na saa sita kupwa, na kila siku inachelewa kama dakika hamsini. Na mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa ndio unaandama, jua na mwezi vinavuta mstari mmoja, maji yanapanda juu kabisa na kushuka chini kabisa, pale Mombasa tofauti inaweza kukaribia mita 4. Hiyo ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu maji yanakuwa mafu, hayaendi mbali. Mwezi ulikuwa umetimia usiku wa mkesha wa Krismasi, nauona, mkubwa kama sinia, nikawaambia tazameni watoto unavyopendeza. Na ule mstari mweusi wa mwani pale juu, nyuma ya hema letu, ndipo maji ya mchana yalipofika yakauacha. Mchanga mgumu ulikuwa umeshindiliwa na bahari yenyewe. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa pale chini, mimi msomaji wa makaratasi nikashindwa kusoma.

Huwa nawaambia maji yana wenyewe, na mnadhani nilizaliwa nalo neno hilo.

Saa kumi na nusu alfajiri niliamka mgongo umelowa, nikadhani ni mdogo wenu amekojoa. Nikapapasa, blangeti lote. Halafu nikasikia ule mkebe wa mandazi unagonga mguu wangu, unaelea, unagonga, unarudi. Nilipofungua zipu maji yalikuwa magotini nje, meupe kwa mwezi. Kaka yako nikamrusha begani, mama yenu ana mdogo, wewe nikakushika mkono mmoja kama ndoo na ulikuwa unacheka, unapiga maji kwa miguu. Nilirudi mara mbili kuchukua vitu. Mara ya pili nilianguka, nikanywa. Mama yenu alisimama kwenye mivinje hasemi kitu, na mimi ningependelea aseme.

Tulipogeuka yule mzee alikuwa pale. Saa kumi na nusu, mwanangu, na taa yake ya chemni. Maana yake alikuwa macho anatungoja. Akamwita mkewe, tukapelekwa kwao, mkapewa kanga kavu, na kulipopambazuka tukala mahamri na mbaazi na chai ya tangawizi. Yule bibi akapika na matooke yetu yaliyoloa bahari, akasema kwa heshima kwamba hayahitaji chumvi.

Basi tukiwa mkekani, wewe, miaka mitano, mdomo umejaa, ukamuuliza, "Babu, kwa nini hukutuambia maji yatakuja?"

Nilihisi mbaazi zimenisimama kooni. Mama yenu akainamia kikombe. Yule mzee akanitazama mara moja, si kwa kejeli, alinitazama tu, halafu akakujibu, "Nilisahau, mjukuu wangu. Uzee."

Na mimi baba yako sikusema kitu. Nikasema karibuni chai. Chai ya watu!

Angenisema mbele yenu ningekasirika siku mbili nikasahau. Kumbe alimeza yeye aibu yangu, na tena baada ya kula akachukua panga akachonga vigingi vipya, akaja kulisimamisha hema kwa mkono wake juu ya mstari wa mwani, tukakaa siku nne. Siku nne nzuri mno, hilo nalo niseme, mlitembea kwenye vidimbwi maji yakipwa mkaona kaa na samaki wa rangi, na tumbili kweli alichukua mkate. Siku ya kuondoka nilitaka kumwambia. Nikampa pesa, akakataa, nikaona basi yameisha. Hayajaisha. Labda yeye alishasahau kweli baada ya wiki, mtu ameona wageni wangapi pale. Lakini mimi ndiye niliyekaa miaka yote hii nawasikia mnamwita msahaulifu.

Sasa, hoteli au hema. Mimi sisemi. Mumeo ndiye atakayeendesha gari zaidi ya kilomita 900 na mimi nisiwe mkwe wa kuingilia. Ila kama ni hema, tazameni mwezi kabla ya kuomba likizo, mfike mchana, tafuteni mwani mkavu ulipolala na mpande juu yake hatua nyingi. Viatu vya plastiki kwa wote, mwambani kuna wale wadudu wa baharini wa miiba myeusi, ukimkanyaga mmoja likizo imekwisha. Wasiogelee kwenye mlango wa mwamba maji yakipwa, yanavuta kwenda nje. Neti mbebe, mbu wa kule hawajui likizo. Na kabla ya kigingi cha kwanza muulizeni mtu wa pale, na akisema neno msilolijua muulizeni tena, hata mara tatu, hata mkionekana washamba, maji yana wenyewe. Mumeo akisema Majanji ni karibu na nafuu, mwambie ziwa letu lina kichocho na bahari haina, hapo nakuunga mkono, lakini hiyo si kuamua.

Hoteli ina mlango na kitanda. Hoteli pia ina ukuta, mtoto haisikii bahari usiku. Basi, nimesema sisemi.

Hema lipo stoo. Zipu imeliwa na chumvi, vigingi vya yule mzee bado vipo vyote isipokuwa kimoja. Mama yako hulitandika chini akianika mihogo, kwa hiyo kama unalitaka njoo ulichukue kabla hatujaanza kuvuna.

Baba yako