Daktari Anajibu: Bega Lililochanika Kano

SWALI: Daktari, salaam. Mimi ni mkulima wa korosho wa Tandahimba, umri wangu ni miaka 52. Wiki tatu zilizopita, tukiwa katika kupulizia salfa, pampu ya mota iligoma kuwaka. Nilivuta kamba yake kwa nguvu mara kadhaa, na katika mvuto wa mwisho nikasikia kitu kimelia "tap" ndani ya bega la kulia. Tangu siku hiyo siwezi kuinua mkono hata kufikia usawa wa bega, ingawa mwanangu akiniinulia unapanda. Usiku silali. Nilipiga eksirei, nikaambiwa mifupa ni mizima, nikapewa vidonge. Mzee mmoja wa kijijini amenikanda mara nne bila nafuu, naye anasema ni baridi yabisi. Je, ni kweli? Na ninaweza kusubiri hadi msimu wa korosho uishe ndipo nitafute matibabu mengine?

JIBU: Ndugu yangu, pole sana. Nianze na swali lako la pili kwa sababu ndilo lenye haraka: usisubiri. Msimu wa kuokota na kuuza utakufikisha Desemba, na kwa bega lililoumia namna hiyo miezi mitano ni mingi mno.

Baridi yabisi haiji kwa mlio. Huja polepole, mara nyingi hushika viungo zaidi ya kimoja, na kwa kawaida viungo huvimba na kukakamaa asubuhi. Wewe umeeleza mlio, nguvu zilizopotea papo hapo, na mkono unaopanda ukiinuliwa na mtu mwingine lakini ukashindwa kupanda wenyewe. Mambo hayo matatu yakikutana kwa mtu wa umri wako, jambo la kwanza ninalolishuku ni kuchanika kwa kano za bega, zile ambazo huenda utaziona zimeandikwa kwenye cheti chako kwa jina la rotata kafu. Sijakupima, kwa hiyo siwezi kuapa, lakini ningekuwa na wewe chumbani ningeanzia hapo.

Kano ni ile kamba nyeupe, ngumu, inayoufunga msuli kwenye mfupa; aliyewahi kuchuna mbuzi anaifahamu. Sasa, bega si kama nyonga. Kichwa cha mfupa wa mkono hakikuzama katika shimo, bali kimeegemea kikombe kisicho na kina cha kombe la bega, mfano wa chungwa lililowekwa juu ya kisahani cha kahawa, na ndiyo maana mkono unaweza kuzunguka pande zote. Kinachozuia chungwa lisiteleze ni misuli minne inayotoka kwenye kombe la bega, ambayo kano zake hulishika chungwa hilo kama vidole vinne. Kano ya juu ndiyo inayochanika mara nyingi kuliko nyingine, kwa kuwa hupita katika upenyo mwembamba chini ya mfupa wa paa la bega na hufanya kazi kila unapoinua mkono. Mtu anayebeba pampu inayozidi kilo 10 mgongoni, akaelekeza bomba juu kwenye matawi ya mikorosho siku baada ya siku ili kupambana na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, huwa ameisugua kano hiyo kwa miaka mingi kabla ya kamba ya mota kuimalizia.

Eksirei haikukudanganya, ila iliulizwa swali isiloweza kulijibu. Eksirei huonyesha mifupa, na kano haionekani humo. Kipimo cha kuanzia ni ultrasaundi, mashine ileile wanayopimiwa kina mama wajawazito, mradi anayeitumia awe amezoea kuangalia bega. Na pale inapohitajika kujua ukubwa wa mchaniko na hali ya msuli, hutumika MRI, mashine kubwa ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili. Kabla ya mashine yoyote, hata hivyo, daktari anapaswa kukuvua shati na kukushika. Atakuinulia mkono ubavuni kisha akuombe uushushe taratibu, na ukidondoka ghafla kama tawi lililokatwa, amepata jibu la maana. Atakuomba pia usukume kiganja chako nje huku kiwiko kikiwa kimebana mbavu, alinganishe nguvu za mkono huu na ule. Kama hakuna aliyekufanyia hivyo hadi leo, bado hujapimwa bega.

Kwa nini nasema usisubiri? Kano iliyokatika kabisa haijishoneshi yenyewe kwenye mfupa. Msuli wake huivuta kuelekea kwenye kombe la bega kama mpira uliokatika, na kadiri miezi inavyokwenda nyama ya msuli hunywea na nafasi yake huchukuliwa na mafuta. Ukifika hapo, hata mpasuaji hodari atakuta kano fupi isiyofika mahali pake, na msuli usioweza kurudisha nguvu. Kwa mchaniko uliotokea ghafla, kwa mtu anayeishi kwa kazi ya mikono, madaktari wa mifupa hupendelea kushona ndani ya wiki chache hadi miezi michache tangu ajali. Wiki zako tatu bado ni umri mzuri.

Nenda kliniki ya mifupa katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini hapo Mtwara, na uieleze siku ile ya mota kama ulivyonieleza mimi. Usiseme tu kwamba "bega linauma", kwa maana maneno hayo ndiyo yaliyokuletea vidonge. Ikionekana unahitaji upasuaji usiopatikana huku, utaandikiwa rufaa kwenda Taasisi ya Mifupa ya MOI, Muhimbili. Najua ni safari ya zaidi ya kilomita 500 na gharama zake, na ndiyo sababu kupimwa kwanza ni bora kuliko kukimbilia basi.

Upasuaji wenyewe ni kuirudisha kano mahali pake juu ya mfupa kwa nyuzi zilizofungwa kwenye vishikizo vidogo vinavyopandwa ndani ya mfupa, ama kwa kuchana ngozi, ama kwa matundu madogo na kamera. Si jambo geni: Ernest Amory Codman, daktari wa Boston nchini Marekani, aliandika kuhusu kuzishona kano hizi mwaka 1911. Kilicho kigumu ni baada yake. Mkono utakaa katika kitambaa cha kutundikia shingoni kwa wiki 4 hadi 6, utachezeshwa na mtaalamu wa fiziotherapia bila wewe kuuinua, mazoezi ya nguvu yataanza karibu na mwezi wa tatu, na kazi nzito itarudi baada ya miezi 6 au zaidi. Kwa lugha ya shambani, mtafute mapema mtu wa kukupulizia msimu ujao. Na kama unavuta sigara, acha sasa, kwa sababu kano ya mvutaji huunga vibaya.

Kuhusu kukandwa, mafuta ya uvuguvugu yakipakwa kwa mkono mwepesi hayana ubaya, na yanaliwaza. Kuvutwa mkono kwa nguvu "ili urudi mahali pake" ndiko ninakokukataza kabisa, maana hakuna kitu kilichotoka mahali pake cha kurudishwa, na kano iliyochanika nusu inaweza kuchanika yote.

SWALI: Shikamoo Daktari. Mama yangu ana miaka 68, tunaishi Lindi mjini. Hakuanguka wala hakubeba kitu kizito, lakini kwa zaidi ya mwaka bega lake la kushoto linamuuma, hasa akianika nguo au akijifunga khanga kichwani, na usiku hawezi kulilalia. Ultrasaundi imeonyesha kano moja imechanika. Ana kisukari anachokidhibiti kwa vidonge. Wajomba wanataka tuuze kiwanja ili akafanyiwe upasuaji Dar es Salaam. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba. Msiuze kiwanja, angalau si mwezi huu.

Huenda msomaji atashangaa kwamba nimemwambia mkulima wa Tandahimba aharakishe na nyinyi nawaambia mtulie, ilhali picha zote mbili zingeweza kusomeka "kano imechanika". Tofauti iko katika namna ilivyochanika. Kano ya mama imelika taratibu kama kamba ya ndoo inayosuguana na ukingo wa kisima, na mwili umepata muda wa kujizoesha. Baada ya miaka 60 watu wengi wana mchaniko wa aina hiyo na baadhi yao hawajawahi kuhisi maumivu yoyote. Ukiwapima leo wazee wa mtaani kwenu wanaoinua mikono bila taabu, hutakosa kuupata kwa baadhi yao. Utafiti mmoja wa Marekani uliotolewa mwaka 2013 uliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 400 waliokuwa na kano iliyochanika kabisa pasipo ajali, wakapewa mazoezi kwanza, na baada ya miaka miwili waliokuwa wameamua kupasuliwa hawakufika robo yao.

Kwa hiyo mpeni mama miezi mitatu ya mazoezi ya kweli, yakianzishwa na mtaalamu wa fiziotherapia. La kwanza ni jepesi. Asimame, aegemeze mkono usiouma juu ya meza, ainame kidogo, auache mkono mgonjwa uning'inie kama kitu kisicho chake, kisha atikise mwili ili mkono uchore duara la ukubwa wa sahani, dakika moja au mbili, mara tatu kwa siku. Bega lisijikaze hata kidogo. Maumivu yakipungua, aweke khanga iliyokunjwa kati ya kiwiko na mbavu, akunje ngumi, asukume fremu ya mlango kwa upande wa nje wa ngumi kwa sekunde 5, kisha alegeze, mara 10. Akishazoea, fundi baiskeli atawauzia mpira wa ndani uliochakaa. Ukatwe utepe mrefu, ufungwe kwenye nondo ya dirisha, naye auvute nje polepole huku khanga imebanwa vilevile. Khanga ikidondoka, amekosea. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanavumilika, lakini yakiwa bado yapo kesho yake asubuhi, zoezi lilikuwa kubwa mno.

Usiku alale chali au kwa ubavu wa kulia, mkono wa kushoto ukiwa juu ya mto. Kamba ya kuanikia nguo ishusheni hadi usawa wa kifua. Ni dakika tano za kazi, nami huwa nashangaa jinsi zinavyosahauliwa wakati familia inajadili kuuza ardhi. Parasetamoli ni salama zaidi kwake kuliko diklofenaki, kwa kuwa diklofenaki hupandisha shinikizo la damu na huumiza tumbo na figo, na figo za mwenye kisukari hazihitaji adui mwingine.

Angalieni jambo moja mahususi. Wenye kisukari hupata kwa urahisi bega lililoganda. Jaribuni kumwinulia mkono akiwa amejilegeza: ukigoma kupanda hata kwa msaada wenu, tatizo kubwa si mchaniko tena bali mfuko wa kiungo uliokakamaa, na matibabu yake ni tofauti. Na kwa kuwa ni bega la kushoto, maumivu yakija pamoja na kifua kubana, jasho jembamba au pumzi kukatika, achaneni na mazoezi, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, kwani moyo nao hulalamikia begani. Miezi mitatu ikipita bila nafuu, ndipo mzungumze na daktari bingwa wa mifupa kuhusu upasuaji.

SWALI: Mimi ni fundi ujenzi wa Masasi, nina miaka 45, napiga sana lipu za dari. Nimechomwa sindano ya bega mara tatu tangu Januari na kila mara napona kwa wiki kadhaa. Naweza kuendelea?

JIBU: Hapana, fundi. Sindano hiyo ya steroidi hutuliza uvimbe na kufungua nafasi ya kufanya mazoezi, haiungi kano; ikirudiwa-rudiwa hudhoofisha kano ileile uliyotaka kuiokoa, na wengi wetu hatuvuki tatu kwa mwaka katika bega moja. Wewe umezimaliza. Wiki hizo za nafuu umezitumia kurudi darini, ilhali zilikuwa za mazoezi niliyoyaeleza hapo juu. Pima ultrasaundi kabla mtu yeyote hajakugusa tena kwa sindano, na kwa sasa mwachie saidia fundi dari, wewe upige lipu ukuta kuanzia kifuani kushuka chini.